Maziwa, Moshi na Geti la Yeyo

Kwa miaka kumi na minne nilikunywa maziwa kila jioni kabla ya kutoka kazini, na si kwa sababu nilikuwa nayapenda. Nilikunywa kwa sababu mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kila fundi wa kuchomelea niliyemjua alikunywa. Ndivyo tulivyofundishwa: moshi wa welding ukikuingia kifuani, maziwa yatausafisha. Saa kumi na moja mashine zinazimwa, vikombe vinajazwa, watu wanameza bila kupumua, wanajifuta midomo na kwenda nyumbani wakijiona safi. Mimi nilikuwa nameza nusu lita. Nilijiona mwerevu sana.

Jina langu ni Syombua. Kwetu ni Makueni, lakini nimeishi Kitengela muda mrefu, na huku wengi wananiita Fundi Mama. Ninaandika haya kwa ajili yako wewe uliyeambiwa juzi kwamba moyo wako umeharibika, na sasa umekaa kwenye benchi la hospitali ukishika kadi yenye namba. Nimelikalia benchi hilo na ninajua lilivyo baridi asubuhi. Leo mimi ni mzima. Nakuambia hilo mapema kwa sababu hapa katikati nitalalamika kidogo, na sitaki ukate tamaa ukidhani nilikufa.

Banda letu la kazi liko ndani kidogo kutoka barabara ya Namanga. Ninafanya kazi na Lemayian, mwanamume wa Kimaasai aliyeacha kuuza ng'ombe akajifunza kuchomelea, na ambaye mkono wake kwenye chuma sasa unakaribia kuwa mzuri kama wangu. Zamani banda lilikuwa wazi pande zote. Ila anayeishi hapa anajua vumbi letu. Mwezi wa saba upepo unatoka uwandani na mchanga, lori linapita, na rangi ya geti uliyoipaka asubuhi inageuka kama sandpepa kabla ya saa sita. Wateja walilalamika mpaka tukachoka. Basi tukalifunga banda kwa mabati pande zote nne, tukaacha mlango peke yake. Niliyapigilia misumari kwa mikono yangu, na siku hiyo nikanunulia kila mtu soda.

Vumbi likaisha kabisa. Moshi tukabaki nao ndani, lakini moshi haukutusumbua akili kwa sababu dawa yake tulikuwa nayo. Ililetwa na mama yake Lemayian, anayeishi Kisaju na ambaye sisi sote tunamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Kila alasiri alifika na madumu yake, akaniamkia, "Takwenya," nami nikamjibu, "Iko," kisha akanimiminia kikombe changu cha bati mpaka juu.

Dalili zilianza mapema, kama ningekuwa mtu wa kusikia. Siku za kuchomelea mabomba yale ya kung'aa yasiyoshika kutu, jioni nilitetemeka kwa homa, na asubuhi ikawa imeondoka. Nikasema ni malaria. Baadaye nikaanza kuishiwa pumzi nikipanda ngazi za kanisa. Nikasema ni unene. Kisha kukaja moto hapa katikati ya kifua, uliopanda mpaka kwenye taya la kushoto. Mume wangu, Baba Mwende, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na anapenda mambo yapimwe, aliniambia niende hospitali. Nikamjibu kwamba ni vidonda vya tumbo, na kwamba vidonda vya tumbo navyo vinataka maziwa. Nikaongeza kikombe cha pili, cha asubuhi.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi kikali, mwezi wa pili. Nilikuwa natengeneza geti la Yeyo. Shamba lao la Kisaju lilikuwa limegawanywa, akazungushia boma lake ua, na akataka geti lenye milango miwili na ngao katikati ya kila mlango. "Achore Fundi Mama, si Lemayian," alisema mbele ya mwanawe bila aibu. Mlango wa kwanza ulikuwa umekwisha. Nilikuwa naishikiza ngao ya mlango wa pili taya liliponivuta kama jino bovu, mkono wa kushoto ukawa mzito, na jasho baridi likanilowesha mgongo. Nikavua kofia ya kuchomelea, nikakaa juu ya rundo la vyuma.

"Fundi, uko sawa?" Lemayian akauliza.

"Niko sawa. Ni vidonda vya tumbo tu. Niletee maziwa."

Akaniletea, nami nikanywa. Ndiyo, moyo wangu ulikuwa unakufa kipande kimoja, na mimi nilikuwa nakunywa maziwa. Yeyo alikuwa ameketi mlangoni na madumu yake. Akanitazama usoni mara moja tu, akasimama.

"Lemayian, tafuta gari."

"Yeyo, amesema ni tumbo."

"Mimi nimeona ng'ombe ngapi zikianguka? Hiyo si tumbo. Tafuta gari sasa hivi!"

Mpaka leo nikiwa na hasira na mtu yeyote, nakumbuka sauti ile na hasira inapungua.

Sitakueleza mambo ya mishipa, hayo daktari wako atakueleza. Nitakueleza ninachokijua. Nilipelekwa Nairobi, nikalazwa kitanda chembamba kuliko meza yangu ya kazi, wakapitisha waya kwenye mshipa wa kifundo cha mkono mpaka moyoni, nami nikiwa macho. Mahali palipoziba wakaweka kimrija cha wavu wa chuma ili pabaki wazi. Niliposikia neno chuma, nikamuuliza daktari aliyevaa barakoa ni chuma gani, na kimeunganishwa vipi kikiwa kidogo vile. Akacheka, akaniambia niache kuongea. Lakini nilifurahi kwelikweli. Nilimwambia Baba Mwende baadaye kwamba nimebeba kazi ya fundi mwenzangu kifuani, na kwamba kwa nilivyoiona pichani, amemaliza vizuri.

Siku ya tatu daktari yule, mama mmoja mpole mwenye miwani, alivuta kiti akaketi. Aliniuliza ninavuta sigara? Hapana. Pombe? Ya harusi tu. Presha ilikuwa juu, na baba yangu aliwahi kuugua moyo, hayo akayaandika. Kisha akauliza kazi yangu, na mahali ninapoifanyia. Nikamweleza juu ya banda na mabati.

"Kuna dirisha?"

"Hakuna."

"Na huo moshi unajikinga nao namna gani?"

"Kwa maziwa," nikasema.

Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, maziwa inaenda tumboni. Moshi inaenda kwa mapafu. Hizo njia hazikutani. Na huo moshi unaouona si ndio mbaya zaidi. Ndani yake kuna vumbi ya chuma ndogo sana, jicho haliwezi kuona, inapita kwa mapafu inaingia kwa damu. Damu inaipeleka mpaka kwa moyo. Siwezi kukuambia ni hiyo peke yake imekuangusha. Lakini imechangia."

Nililala nikitazama dari. Nilifikiria kuta zile nne za mabati, misumari niliyoipiga mwenyewe, soda niliyowanunulia watu. Nililia, si kwa maumivu. Nililia kwa aibu ya kukimbia vumbi ninaloliona na kujifungia na lile nisiloliona.

Sasa, jambo lililokuwa mbele yetu ni hili. Picha ya moyo ilionyesha kwamba unasukuma damu kwa unyonge, karibu nusu ya nguvu yake. Daktari alisema unaweza kupona au unaweza kubaki hivyo, na kwamba picha ya pili itapigwa wakati wa mvua za vuli. Baba Mwende alitaka mashine yangu iuzwe siku hiyohiyo. Mimi nikasema afadhali wauze kitanda. Tulibishana wodini mpaka muuguzi akatutazama vibaya. Mwishowe tukakubaliana: picha ya pili ndiyo itakayoamua. Moyo ukiwa umepanda, nitarudi kazini. Usipopanda, mashine inauzwa na sitasema neno. Nilimpa mkono, ule wenye bandeji.

Mvua za masika zilinikuta nyumbani. Udongo wetu mweusi ukageuka gundi, na mimi nikageuka mtu nisiyemjua. Vidonge vya kulainisha damu vilinitia alama nyeusi mikononi kila nilipogusana na kitu, hata kamba ya ndoo. Uzito ulishuka, nguo zikanining'inia. Mikono yangu, iliyokuwa na ngozi ngumu kama soli, ikawa laini. Wanawake wa kanisa waliisifu. Mimi nilikuwa naitazama na kusikia uchungu. Kuoga kulinichosha, nikawa napumzika kwenye ndoo iliyogeuzwa katikati ya kuoga. Kama wewe unafanya hivyo sasa, usione haya. Weka ndoo ya pili kabisa.

Daktari aliniambia nitembee. Wiki ya kwanza nilifika kwenye lango la ploti na kurudi. Kisha dukani. Kisha mpaka shuleni kwa Baba Mwende, ambapo darasa lote liliniimbia nikaona aibu. Kila mwezi nilienda kliniki ya moyo mjini Kajiado. Pale nilijifunza kwamba wagonjwa wa moyo ni watu wa utani. Kulikuwa na mzee mmoja mrefu kutoka upande wa Bissil, mwenye fimbo yake, aliyekuwa akisema kila akiniona, "Wewe bado uko? Mimi pia niko!" Kisha tunacheka, kwa tahadhari, kila mtu ameshika kifua chake. Sikuwahi kulijua jina lake. Alinisaidia zaidi ya vidonge fulani.

Lemayian alinipigia simu kila wiki. Wateja wengine walikuwa wameondoka, wengine wamengoja. Geti la Yeyo lilikuwa limeegeshwa ukutani, mlango mmoja mzima na mmoja bila ngao. Alitaka kulimaliza mwenyewe.

"Yeyo amekataa," akaniambia. "Amesema atafunga boma na miiba kama zamani, mpaka wewe urudi. Mimi ni mtoto wake lakini geti yake siruhusiwi kugusa!"

Nilicheka. Kuna watu wanakuletea matunda ukiwa mgonjwa. Yeyo alinishikia kazi.

Na hapo ndipo nilipofanya ujinga. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi na upepo, Baba Mwende yuko shuleni. Nilijiambia nitaenda bandani kusalimia tu. Lemayian alikuwa akichomelea rafu za duka, mlango umerudishwa kwa sababu ya vumbi. Harufu ile ilinipokea kama mtu wa nyumbani. Nikakaa. Nikashika chombo kimoja, nikakisifu kingine. Nikalisogelea geti la Yeyo, nikachukua grainda nikalainisha ukingo wa ngao iliyobaki. Baada ya muda usiofika saa moja, kifua kilikaza, macho yakaingia giza, nikashika geti nisianguke. Lemayian alinitoa nje kwa kiti, mimi nikiwa juu yake, akatoa mfukoni mwangu kile kidonge cha dharura nilichopewa hospitalini, akaniwekea chini ya ulimi kama nilivyokuwa nimemfundisha kwa simu. Kifua kikalegea polepole.

"Usimwambie Baba Mwende," nikamwomba.

"Nimeshampigia," akasema.

Mume wangu ni mtu mtaratibu. Hakupiga kelele. Alikuja na mkokoteni, akachukua mashine yangu ya kuchomelea, akaileta nyumbani, akaiweka sebuleni karibu na televisheni. Hakuongea nami siku tatu. Siku ya nne, mama mkwe wangu alipokuja kutuona, akaitandikia kile kitambaa cheupe cha kusuka alichotuletea harusini, ili isiaibishe nyumba. Basi ikakaa pale wiki baada ya wiki imevaa kitambaa, na wageni wakawa wanawekea vikombe vya chai juu yake. Sijawahi kudharauliwa namna ile.

Usiku wa siku ile ya nne Baba Mwende aliniambia, "Mama Mwende, mimi siogopi kazi yako. Naogopa kukuzika na hiyo kofia." Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimestahili zile siku tatu, ingawa sikumwambia hivyo.

Lakini kutokana na ujinga huo kulitoka jambo. Lemayian alikuja nyumbani Jumapili, akaketi akiitazama mashine iliyovaa kitambaa, hata hakucheka.

"Fundi, ile homa ya jioni," akasema. "Mimi pia niko nayo. Nilikuwa naongeza tu maziwa."

Nikamwambia maneno ya daktari, yote, njia mbili zisizokutana. Hakubisha. Kesho yake asubuhi tulikwenda bandani, mimi nikakaa kwenye kiti upande upepo unakotokea, nimejifunika shuka, na yeye akapanda ngazi na nyundo, akaanza kung'oa mabati. Mafundi wa mabanda jirani wakaja kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama Fundi Mama amepatwa na wazimu hospitalini, kubomoa ukuta kipindi cha vumbi. Nikamjibu kwamba vumbi nitalifuta kwa kitambaa, mapafu sina kitambaa chake. Bati la mwisho lilikuwa na msumari mmoja ulio chini, usawa wa kiti changu. Nikaomba nyundo. Niliung'oa kwa mikono yangu miwili laini, nikishika pumzi, na ulipotoka nilisikia mwanga wa jua unaingia mpaka pembeni. Ndiyo, niliusikia. Niache niseme hivyo.

Tangu hapo Lemayian anachomelea nje, mgongo wake kwa upepo, amevaa barakoa nzito yenye vichujio viwili vya pembeni. Wale jirani walimcheka, wakamwita nguruwe kwa ajili ya pua ile. Baada ya mwezi mmoja wawili kati yao walikuja wakimuuliza faraghani amenunua wapi. Rangi za mageti tunapaka asubuhi na mapema kabla ya upepo, tunazifunika kwa turubai. Tungeweza kufanya hivyo miaka yote.

Mvua za vuli zilikuja, na tarehe ya picha ikafika. Baba Mwende aliomba ruhusa shuleni. Tulikaa kwenye benchi la Kajiado bega kwa bega, namba yetu ikiwa ya mbali. Yule mzee wa fimbo hakuwapo, na moyo ulinishtuka, mpaka muuguzi aliponiambia kliniki yake sasa ni ya miezi mitatu kwa sababu amepata nafuu. Niliichukua kama habari njema yangu mwenyewe.

Ndani, walinipaka yale mafuta baridi ya kupigia picha kifuani. Nililala ubavu, nikautazama moyo wangu kwenye skrini ukifunguka na kujifunga. Sikujua kusoma picha ile, lakini mimi ni fundi, najua kitu kinachofanya kazi nikikiona. Daktari alipima, akapima tena. Alikuwa yule yule mama wa miwani, siku hizo anakuja Kajiado mara moja kwa mwezi.

"Imepanda," akasema.

Baba Mwende akasimama. "Imepanda kiasi gani, daktari?"

"Karibu kawaida."

"Rudia tafadhali."

"Mwalimu, ni karibu kawaida. Anaweza kurudi kazini kidogo kidogo. Nje kwa hewa, na barakoa. Ile mabomba ya kung'aa asiguse. Dawa asiache hata siku moja, hata akijisikia poa namna gani."

Mume wangu, ambaye hakulia kwenye mazishi ya baba yake, alienda akageukia ukuta wenye bango la lishe bora akalisoma muda mrefu sana. Mimi nilipiga kigelegele hapohapo kitandani, mafuta kifuani. Watu wa benchi la nje wakanijibu bila kujua ni cha nini.

Tulipofika nyumbani, Baba Mwende alitoa vikombe juu ya mashine, akakunja kile kitambaa vizuri, akasema, "Nitakuletea mkokoteni kesho."

Geti la Yeyo nililimaliza kwa majuma mawili, kwa muda wa saa mbili tu kila asubuhi, sikuzidisha hata dakika. Tulilipeleka Kisaju Jumamosi moja uwanda ukiwa kijani mpaka mwisho wa macho. Bawaba nilizichomelea mwenyewe palepale, kwenye hewa, upepo mgongoni, Lemayian akinishikia mlango na Baba Mwende akinishikia saa. Nilipovua barakoa na kofia nilipumua mpaka chini kabisa, na hakuna mahali palipouma. Yeyo aliondoa tawi la mwisho la miiba, akafungua geti, akalifunga, akalifungua, kama mara kumi. Akapitisha kidole kwenye kiungo cha ngao.

"Hii ni mkono yako," akasema. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kikombe changu cha bati. Alikuwa amekihifadhi tangu siku ile. Kilikuwa kimejaa mpaka juu.

"Yeyo," nikamwambia, "daktari alisema maziwa haisafishi kitu."

Akanitazama kama anayemtazama mtu mjinga. "Nani amekuambia ni dawa? Umefanya kazi, uko na kiu. Kunywa."

Nikanywa polepole, nikipumua katikati. Yalikuwa ya moto kidogo, yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, na matamu. Miaka kumi na minne nilikuwa nimeyameza kama dawa, na ile ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaonja. Nikaomba kikombe cha pili.